Ruhusa ya Adoyo

Mkolani, Mwanza
6 Februari 2024

Wifi yangu Adoyo,

Habari za Shirati? Habari za mihogo, za mbuzi na za magoti? Nauliza magoti kwa sababu mwanao Collins aliponiletea unga wa muhogo Krismasi alisema goti lako la kushoto limeanza kugoma. Langu la kulia liligoma zamani. Tukiunganishwa tutapata mtu mmoja wa kutembea na mmoja wa kukaa. Mimi huku ni mzima, presha inapanda na kushuka kama wote wa umri wangu.

Najua unaisoma barua hii ukiwa umesimama, tayari kuichana. Kaa kwanza. Simu nimekupigia mara nne, ukasikia sauti yangu ukakata. Tulipomzika mdogo wangu Luhende, mume wako, tulikaa mkeka mmoja siku tatu na hatukuambiana hata neno la kupitishiana chumvi. Miaka ishirini na saba ya kununiana ni mingi, wifi. Nisingekusumbua kama jambo lenyewe lingekuwa langu peke yangu.

Ni kuhusu Mawe Matatu. Kwaya yetu mwaka huu inatimiza miaka arobaini na tano tangu kiwanda cha pamba kilipotuajiri, mchana kwenye magunia na jioni kwenye sauti. Kiwanda kilishakufa, kwaya ikaendelea kujiuza yenyewe, na mpaka leo watu wetu wanakula kwa kuimba. Mwenyekiti sasa ni Nathaniel, mtoto wa marehemu Mwalimu Shimba aliyetufundisha sote. Amepata kampuni ya muziki kutoka Dar inayotaka jina la kwaya, nyimbo zote na kumbukumbu zote. Ameshaandaa orodha. Nyimbo arobaini na tatu, na kila moja pembeni imeandikwa: Mtunzi, Mwalimu Shimba. Nikashuka na kidole mpaka namba tisa. "Anika Mama". Mtunzi, Mwalimu Shimba.

Nikamwuliza karatasi za zamani zitakwenda wapi. Akasema zitanakiliwa upya vizuri, halafu zichomwe, maana zimeliwa na mchwa.

Nikamwambia, "Mchwa hawajui kusoma, Nathaniel. Ndiyo maana hawachagui majina."

Akacheka. Ana kicheko cha baba yake.

Katiba yetu, kifungu cha kumi na nne, inasema jina, nyimbo na kumbukumbu za kwaya havitolewi kwa mtu mpaka zaidi ya nusu ya waanzilishi walio hai wakubali. Watu wanahesabu kwamba tumebaki watatu: Getruda, Ojuok wa besi, na mimi. Getruda na Ojuok wameshaweka sahihi. Getruda anasema amechoka, karatasi ni karatasi. Mimi nimekataa na funguo za ofisi ninazo, lakini mmoja kwa wawili nitashindwa. Mkutano mkuu ni tarehe 25 Mei.

Ninachoomba ni kimoja. Niandikie kwa mkono wako kwamba "Anika Mama" na zile nyingine ulizitunga wewe. Nitasoma mbele ya watu wote. Barua mpe kondakta wa basi la Mwanza, mimi nitaifuata stendi ya Nyamhongolo.

Ni mimi wifi yako,
Teodora


Shirati
19 Februari 2024

Teodora,

Barua imefika. Salamu zako nimezipokea kwa niaba ya mbuzi, maana wao hawana ugomvi na wewe. Shikamoo sitakupa. Wewe ni mkubwa kwangu kwa miaka mitatu na ni dada wa marehemu mume wangu, najua, na mama yangu angenichapa. Lakini shikamoo haitoki kwenye koo hili.

Unataka nithibitishe. Mimi nithibitishe kwamba mtoto niliyemzaa ni wangu? Nilimzaa mbele yenu. Uliniona nikitunga "Anika Mama" pale mizanini, nikipima pamba ya watu wa Magu huku naguna, nikigeuza fomu na kuandika nyuma yake. Tulikwenda pamoja Igombe kuwatazama akina mama wakianika dagaa juu ya mawe, na ulikuwa umevaa viatu vyangu. Karatasi unazo wewe. Wewe ndiye uliyeziweka. Ziulize.

Na usinisimulie habari za Shimba kana kwamba nimesahau. Siku ile ya kurekodi, yule bwana wa redio alisoma mbele ya kipaza sauti kwamba wimbo umetungwa na Mwalimu Shimba, na Mwalimu akainamisha kichwa kama anayepokea ubani. Nikafunga mdomo. Sikutukana mtu. Sikuondoka. Nilisimama mahali pangu kwenye sauti ya pili, mdomo umefungwa, wimbo wangu mwenyewe ukapita mbele yangu kama gari ambalo halisimami kituo chako. Wakarudia mara tatu. Mara tatu nikafunga.

Wiki iliyofuata nikapata barua: utovu wa nidhamu, umefukuzwa, kikao cha tarehe 14 Juni 1997. Sahihi: Teodora, Katibu. Mwandiko mzuri, kama kawaida yako. Mume wangu alipoisoma alikuja kwako kukuuliza, na wewe, dada yake, ukamwambia ni mambo ya ofisi.

Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa mimi nikuulize, kwa kuwa wewe ndiye umeanza kuandika. Katiba naijua, nilikuwepo ilipoandikwa. Kikao cha kumfukuza mtu kinataka wajumbe watano kati ya saba. Barua yako ilitaja watano, na Getruda mmoja wao. Lakini msibani kwa Luhende, Getruda aliniapia kwamba siku hiyo alikuwa Magu akimuuguza mama yake. Getruda ana mengi lakini hana uongo.

Nani alikuwa kwenye kikao kile, Teodora? Nijibu hilo ndipo tuongee habari za nyimbo.

Adoyo binti Otuoma


Mkolani
2 Machi 2024

Wifi,

Shikamoo yako sijaidai. Nakusalimu mimi, mkubwa nimtangulie mdogo, nimeona ndivyo inavyostahili. Umeamkaje? Mimi sijaamka vizuri tangu barua yako ifike.

Kikaoni tulikuwa watatu. Mwalimu Shimba, mhazini, na mimi. Getruda alikuwa Magu kweli. Ojuok alikuwa na malaria. Mwalimu akasema, andika watano, wakirudi watakubali tu. Nikaandika watano. Waliporudi hakuna aliyewauliza na hakuna aliyewaonyesha. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imenichukua miaka ishirini na saba, kwa sababu hakuna mtu anayesoma makaratasi ya kwaya isipokuwa mimi.

Sitasema Mwalimu alinilazimisha. Hakunishika mkono. Nilikuonea wivu, Adoyo, na nakuambia hivyo hivyo bila kuupaka sukari. Mwaka wa kwanza mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha nyimbo, wewe ukiwa umesimama tu nyuma huko. Siku ulipoanzisha wewe, Mwalimu alinigeukia akaniambia, Teodora, wewe una mwandiko mzuri, shika daftari. Ndivyo nilivyokuwa katibu. Watu walinipongeza. Kisha ukaja ukamchukua na mdogo wangu, na nyumbani kwetu mama akawa anaulizia wimbo mpya wa mkwe kabla hajaulizia hali yangu. Nilipopewa nafasi ya kuandika jina lako vibaya, kalamu ilikwenda yenyewe.

Hayo ni ya Jumamosi ile ya kikao. Sasa nikueleze ya Jumanne.

Jumanne ya tarehe 17 Juni nilifungua daftari la mahudhurio kabla ya mazoezi. Unajua utaratibu wetu. Aliyefika anapata alama ya vema, asiyefika bila taarifa anapata mkasi, ile alama ya X, na mwenye ruhusa anaandikiwa R. Aliyefukuzwa jina lake linapigwa mstari kwa rula na wino mwekundu. Nilikuwa nimenunua kalamu nyekundu makusudi. Nikaweka rula chini ya namba kumi na mbili, Adoyo Otuoma. Waimbaji walikuwa wanaingia, wanasalimiana, wanavuta viti. Nikatazama kiti chako. Nikaondoa rula nikaandika R.

Alhamisi nikaandika R. Jumamosi R. Nilijiambia nitapiga mstari mwisho wa mwezi. Mwaka ulipoisha, daftari likajaa, nikafungua jipya, na unajua mimi huwa nanakili majina yote kwa mpangilio. Nikafika kumi na mbili nikakunakili. Sasa nina madaftari kumi na saba, na katika yote una R mbele ya jina lako kila siku ya mazoezi. Siku za kuita majina kwa sauti nilikuwa naruka kutoka kumi na moja kwenda kumi na tatu, na wengine walizoea. Malipo yalifuata orodha ya mhazini, si daftari langu, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Kalamu nyekundu ilikauka haijaandika kitu.

Juzi, baada ya barua yako, nilikaa na katiba. Kifungu cha tisa: uanachama unakoma kwa kifo, kwa barua ya kujiuzulu, au kwa kikao halali na jina kupigwa mstari kwenye daftari. Wewe hujafa, ashukuriwe Mungu. Hukujiuzulu. Kikao hakikuwa halali. Mstari haukupigwa. Wifi, wewe bado ni mwanachama wa Mawe Matatu, na ni mwanzilishi uliye hai. Tukiwa watatu, wawili ni wengi. Tukiwa wanne, wawili ni nusu tu, na kifungu kinataka zaidi ya nusu.

Sikukuandikia haya mara ya kwanza kwa sababu kuyaandika ni kukubali lile la Jumamosi. Sasa nimelikubali. Niambie la kufanya.

Wifi yako,
Teodora


Mkolani
11 Aprili 2024

Wifi,

Habari za masika? Huku mvua imeshusha mawe mawili madogo kutoka mlimani mpaka nyuma ya choo cha jirani, hakuna aliyeumia. Wiki ya sita hii sijaona barua. Stendi wameshanijua. Kondakta akiniona ananyanyua mikono mitupu kabla sijauliza.

Sitakuharakisha. Naandika kukupa habari tu.

Mwezi uliopita Nathaniel alikwenda ofisini na kufuli jipya ili nisiingie tena. Alikuta rafu tupu. Nilikuwa nimeshatangulia. Masanduku manne ya bati niliyapandisha Mkolani kwa mkokoteni, mchana kweupe, na nilimlipa mwenye mkokoteni asimame akinywa maji ili kila mtu aone. Kama ni kuiba, nimeiba hadharani. Matatu yako chini ya kitanda. La nne halikuingia, nimelitandika kitambaa ndilo meza ya chai.

Wiki iliyopita akaja nyumbani. Mtoto ana adabu, alivua viatu. Akakaa, akaweka kikombe chake juu ya mihutasari ya mwaka 1979 mpaka 1990, akaniuliza, "Mama Katibu, masanduku umeyapeleka wapi?"

Nikamwambia, "Kunywa chai kwanza."

Alipomaliza nikaondoa kitambaa. Nilitaka nimwone usoni. Hakukasirika kama nilivyotegemea. Alisema jambo ambalo limenikaa: "Mama, baba yangu hana hata kaburi la saruji. Nyimbo hizo ndizo kaburi lake. Na wewe unataka kulibomoa."

Nilimhurumia, sitakuficha. Nikamjibu kwamba baba yake alitunga nyimbo zake, na ni nzuri, na mtu haongezewi kaburi kwa mawe ya kaburi la mwenzake. Kisha nikamweleza habari za kikao cha watu watatu na R zako zote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavaa viatu, na mlangoni akasema, "Ukiyasoma hayo mkutanoni, mama, utakuwa umejifukuza mwenyewe. Katibu aliyeghushi muhtasari hana kiti."

Ana haki. Nimelilalia jambo hilo siku saba na bado ana haki. Lakini nitasoma. Ukijibu nitasoma, usipojibu nitasoma. Maisha yangu yote nimetunza karatasi za watu waliothubutu kufungua midomo, na wewe uliyethubutu kuufunga. Sasa ni zamu yangu.

Wifi yako,
Teodora


Shirati
28 Aprili 2024

Teodora,

Hujambo. Mimi sijambo, goti ndilo linalonisema.

Umesubiri kwa sababu nilikuwa nakukasirikia, na hiyo ni kazi isiyotaka haraka. Barua yako ya Machi niliisoma shambani, nikaipeleka nyumbani, nikaisoma tena. Siku ya kwanza nilikuchukia zaidi kuliko zamani. Wivu. Miaka yote nilidhani niliangushwa na jambo kubwa.

Na R zako, mimi sikuziomba. Ruhusa hupewa aliyeomba. Ulikuwa unajipa wewe mwenyewe ruhusa ya kulala. Nataka ujue kwamba nimeliona hilo.

Lakini hukupiga mstari. Nalo nimeliona.

Basi sikiliza. Muhtasari wa tarehe 14 Juni utausoma wewe, kwa mdomo wako, umesimama. Usimpe mwingine asome. Usiseme "kulitokea kasoro" au "utaratibu haukuzingatiwa". Sema niliandika watu watano na tulikuwa watatu, na utaje majina. Sema na sababu.

Mimi sitakuja. Sitasimama mlangoni kwa Shimba kama mwalikwa wa harusi aliyesahau kadi. Mlango ule nilishiriki kuujenga. Wakitaka niingie, waseme mimi ni nani kwanza, nisiwepo kuwaona wakinitazama usoni na kuona haya.

Nimeambatanisha karatasi ndogo. Imeandikwa: Mimi Adoyo Otuoma, mwanzilishi namba kumi na mbili, sikubali. Hakuna maelezo zaidi na usiongeze.

Kuhusu nyimbo. Watakuambia mwandiko unafanana, solfa ni solfa, do re mi za kila mtu. Waambie watazame juu ya karatasi. Shimba alianza na sauti ya kwanza, kama watu wote wa kwaya walivyofundishwa. Mimi nilianza na ya pili, kwa sababu ndiyo niliyosimama nayo, na hizo nyingine nikazitafuta kutokea pale. Kwenye karatasi zangu sauti ya pili iko mstari wa juu kabisa. Na nyuma ni fomu za mizani. Zihesabu. Za Shimba muachieni Shimba, msimpunguzie hata moja. Mimi siibi.

Adoyo


Mkolani
26 Mei 2024, Jumapili

Wifi yangu,

U mzima? Mimi ni mzima na nimelala mpaka saa mbili asubuhi, kitu ambacho sikumbuki lini nilikifanya.

Nikueleze kama ilivyokuwa.

Ukumbi wetu wa Igogo ulijaa, na wale vijana wa sasa wenye sare za zambarau walikaa mbele. Wageni wa kampuni walikuwa wawili, wamevaa suti na joto lile. Nathaniel akafungua kwa sala, halafu kama unavyojua, kwetu mkutano hauanzi kabla majina hayajaitwa. Nikasimama na daftari la kumi na saba. Nikaita. Nilipofika kumi na moja ulimi ukataka kuruka kwa mazoea. Nikaushika.

"Namba kumi na mbili. Adoyo Otuoma."

Vijana wakageukiana. Nathaniel akasema kwa upole, "Mama Katibu, huyo si mwanachama. Alifukuzwa."

Nikafungua kitabu cha mihutasari nikasoma. Nilisimama, kama ulivyotaka. Nilisoma wajumbe watano kwa majina, nikafunga kitabu, nikasema: tulikuwa watatu. Getruda hakuwepo. Ojuok hakuwepo. Niliwaandika mimi. Nikasema na sababu. Nilipotamka neno wivu kuna kijana alicheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka. Nikasoma karatasi yako. Ni fupi lakini ilisikika mpaka nje kwa wauza karanga.

Halafu nikarudi kwenye daftari, maana majina yalikuwa hayajaisha. Nikaita tena. "Namba kumi na mbili. Adoyo Otuoma."

Getruda alikuwa amekaa na mkoba wake mapajani. Hakusimama. Alisema tu, kwa sauti ile yake nzito, "Ana ruhusa."

Ojuok, kutoka nyuma, "Ana ruhusa."

Kisha wazee wengine wa sauti ya pili, waliojiunga baada yetu, mmoja baada ya mwingine, na mwishoni hata wale wa zambarau ambao hawakujui kabisa. Sijui nani aliwaambia. Ukumbi mzima ukasema una ruhusa. Nikaandika R. Ni ya kwanza ambayo sikuiandika peke yangu.

Baada ya hapo hesabu ilikuwa fupi. Waanzilishi wanne, wawili tumekataa. Getruda akaongeza kwamba na yeye anaiondoa sahihi yake, kwa kuwa mtu aliyeandikwa kikaoni bila kuwepo hawezi kuamini karatasi nyingine ya kwaya hii mpaka aisome yeye mwenyewe. Wageni wakaomba maji ya kunywa.

Nathaniel akaomba kuona karatasi. Nilikuwa nazo kwenye bahasha. Akazigeuza moja moja, fomu za mizani nyuma, sauti ya pili juu. Yule mtoto ni mwanamuziki, hilo hatumnyang'anyi. Alianza kuimba kimoyomoyo kutoka mstari wa juu, nikamwona anasita, anarudi, anaelewa. Alihesabu. Karatasi ishirini na nne. Za baba yake zimebaki kumi na tisa. Nikamwambia umesema zisipunguzwe hata moja. Hakuomba radhi. Alizipanga upya kama alivyozikuta, akanirudishia kwa mikono miwili. Kisha akakaa chini, akajifuta uso na leso, na mkutano ukamsubiri.

Jana hiyo hiyo jioni kamati ikakaa. Safari hii saba kati ya saba, niliwahesabu mwenyewe. Wameniondoa ukatibu kwa kosa la kughushi. Ni halali kabisa, na muhtasari wa kuniondoa niliuandika mimi, maana katibu mpya, Rebeka, mwandiko wake bado ni wa kuku. Wamekubaliana masanduku yarudi ofisini, yasichomwe, na orodha ya nyimbo iandikwe upya. Baadaye Nathaniel akaniuliza kama nitaacha kwaya. Nikamwambia sijajiuzulu, sijafa, na jina langu halijapigwa mstari. Kwa hiyo nimerudi kuimba, wifi. Sauti ya pili, mstari wa nyuma. Koo limejaa kutu.

Nimekusomea na nimesema. Sina kingine cha kukuomba.

Wifi yako,
Teodora


Shirati
3 Juni 2024

Shikamoo, wifi.

Mbuzi nimewaacha kwa jirani. Goti nimelifunga kitambaa.

Mwambie huyo Rebeka afungue daftari mapema. Ruhusa ya namba kumi na mbili imekwisha. Jumamosi nipo mazoezini, sauti ya pili, mstari wa mbele. Wewe kaa nyuma yangu hapo hapo, niwe nasikia unapokosea.

Wifi yako,
Adoyo